Nilizima kifaa, Mzee akaendelea kunijibu

Wiki ya tatu tangu awashiwe kifaa cha kusikia kilichopandikizwa katika sikio lake la kulia lililokufa, mgonjwa wangu ninayemwita Mzee alirudia maneno 45 kati ya 50 niliyompigia kwenye spika. Nilifurahi mpaka nikamwita mwenzangu wa chumba cha pili aje aone karatasi. Mwenzangu huyo ameifanya kazi hii miaka mingi kuliko mimi. Aliitazama karatasi, akakitazama kizibo cha sponji nilichomtia Mzee katika sikio la kushoto, kisha akaniambia kwa upole: "Zima prosesa, mpigie orodha nyingine."

Nikaizima prosesa, ile sehemu ya kifaa inayovaliwa nje. Nikapiga orodha nyingine. Mzee akaendelea kujibu, neno baada ya neno, bila kujua kwamba kichwani mwake hakuna kinachofanya kazi isipokuwa sikio lake alilozaliwa nalo.

Hakuwa anadanganya. Mimi ndiye niliyempima vibaya. Kizibo kizuri hupunguza sauti kwa desibeli 30 hivi. Ukiongeza kifunika masikio juu yake unapata nafuu kidogo zaidi, halafu unafika ukomo, kwa sababu mfupa wa fuvu wenyewe hupitisha sauti. Maneno yalikuwa yakitoka kwenye spika kwa desibeli 60, kiasi cha mazungumzo ya kawaida. Toa 30, zinabaki 30, na sikio zima linaelewa mnong'ono. Tukarudia kipimo kwa kuingiza sauti moja kwa moja kwenye prosesa, isipite hewani kabisa. Akapata manne kati ya 50.

Manne. Wiki tatu nzima nilikuwa nimeandika kwenye faili lake kwamba anaendelea vizuri sana.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mtaalamu wa usikivu, na kwa sasa nafanya kazi Minnesota, Marekani. Kazi yangu kubwa ni kuprogramu vipandikizi vya koklea, ile sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti. Daktari mpasuaji akishaweka uzi wa elektrodi, yaani vijincha vya kupitishia umeme, ndani ya sikio na kidonda kikapona, kwa kawaida baada ya wiki tatu au nne, mgonjwa anakuja kwangu. Nje anavaa prosesa yenye maikrofoni, na sumaku inashikilia koili juu ya ngozi. Koili hiyo inapeleka taarifa na umeme mdogo kwa kipande kilichozikwa chini ya ngozi, na kutoka hapo umeme unafika kwenye neva ya usikivu. Kutegemea mtengenezaji, uzi ule una elektrodi 12, 16 au 22. Kwa kila elektrodi ninatafuta viwango viwili, sakafu na dari: pale mtu anapoanza kusikia, na pale anaposema hapa panatosha, usiongeze. Mkusanyiko wa viwango hivyo tunauita ramani.

Kwa muda mrefu vifaa hivi vilikuwa vya watu waliopoteza masikio yote mawili. Mwenye sikio moja zima aliambiwa ashukuru Mungu na ajifunze kukaa upande mzuri wa meza. Mwaka 2008 madaktari wa Antwerp, Ubelgiji, walichapisha habari za watu 21 waliokuwa viziwi upande mmoja na wakiteswa na mlio usiokoma katika sikio hilohilo. Waliwekewa kipandikizi, na wengi wao mlio ukapungua sana. Wazo likaanzia hapo kuenea Ulaya. Hapa Marekani mamlaka ya dawa na vifaa tiba iliruhusu matumizi haya Julai 2019, kwa watu wazima na watoto kuanzia miaka 5.

Nilipoanza kupokea wagonjwa wa aina hii nilidhani nimepewa kazi nyepesi. Nilikuwa nimezoea watu wanaotoka katika ukimya mtupu. Hao, ukiwawashia kifaa, hata sauti iwe ya kukwaruza kama bati wanaipokea, maana hawana nyingine. Mtu mwenye sikio moja zima analo la kulinganishia, tena analo kila sekunde. Neno lilelile linaingia kushoto likiwa sauti ya binadamu, na linaingia kulia likiwa kitu ambacho bado hakina jina. Sikio zima ndilo linalokaa kiti cha hakimu, na hukumu ya siku ya kwanza huwa kali.

Mzee ni mtu wa Mombasa. Nimemwomba ruhusa ya kusimulia habari zake na amenipa, ila jina nimeliacha. Anaendesha basi dogo la kuwachukua abiria wa uwanja wa ndege. Huku dereva hukaa kushoto na abiria hupandia kulia, na sikio lake lililokufa ni la kulia. Fikiria siku yake ilivyokuwa: kila anayepanda anauliza jambo, na kila jambo linaangukia upande wa ukuta. Sauti nyembamba zikitoka upande ule, kichwa chenyewe kinazikinga zisifike upande wa pili, kwa desibeli zinazoweza kufika 20 hivi. Tunaita kivuli cha kichwa. Abiria wakamwona ana dharau. Yeye aliniambia kilichomuuma ni hicho kuliko uziwi.

Uziwi ulimjia usiku mmoja. Alilala mzima, akaamka alfajiri kwenda kuswali na sikio la kulia limeziba, ndani yake nyenje wanalia. Nyumbani wakamwambia ni upepo, wakamtia mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Akasubiri wiki tatu. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimelisikia Tanga, nimelisikia Mombasa, na nalisikia hapa kwa watu wetu kila mwaka: sikio likinyamaza ghafla, wahi hospitali siku hiyohiyo, uangaliwe kama ni nta au ni neva. Kama ni neva, dawa za steroidi zina nafasi ya kusaidia katika siku za mwanzo, hasa wiki mbili za kwanza. Mzee alipofika, mlango ule ulikuwa umeshafungwa.

Kabla ya upasuaji ilibidi ajaribu kwa mwezi mmoja shimesikio la jozi, lile linalonasa sauti upande wa uziwi na kuirusha kwenye sikio zima. Ni kifaa kizuri kwa wengi. Lakini linampa mtu taarifa za pande mbili kupitia sikio moja, hivyo mahali sauti ilipotoka panabaki fumbo, na nyenje wa Mzee hawakuguswa. Akachagua kisu.

Siku ya kuwasha alikuja na mkewe. Niliwasalimu, shikamoo baba, shikamoo mama, nikafunga mlango, nikapandisha viwango polepole. Mkewe akamwita. Mzee alinyamaza kitambo, akanigeukia mimi.

"Mwanangu, huyu asemaye humu si mke wangu."

"Unamsikiaje, Mzee?"

"Kama kitoto kilichofungiwa kwenye kopo."

Maelezo ya hilo yapo kwenye umbo la koklea. Imejikunja kama konokono: mlangoni panapokea sauti nyembamba, ndani kabisa kwenye ncha panapokea sauti nene. Uzi wa elektrodi huingilia mlangoni, na mara nyingi haufiki nchani. Kwa hiyo sauti nene inapelekwa mahali ambapo tangu kuzaliwa palizoea sauti nyembamba kuliko hiyo, na ubongo unasikia mama mtu mzima kama mtoto. Asiye na sikio la pili hujirekebisha bila kujua tofauti ilikuwa kubwa kiasi gani. Mzee alikuwa akiijua kila mkewe alipofungua kinywa.

Nikafanya kosa langu la pili, ambalo lilidumu kuliko lile la kizibo. Nilitaka kumpendeza hakimu. Alipolalamika kopo, nikahamisha mgawanyo wa sauti kati ya elektrodi. Wiki iliyofuata akalalamika filimbi, nikashusha dari za elektrodi za mlangoni. Akasema kifaa kinampigia kelele redio ikiwashwa, nikashusha zote. Ziara nne, ramani nne. Kila alipotoka ofisini kwangu alitoka na furaha, na mimi nilihesabu furaha hiyo kuwa kazi nzuri.

Prosesa huweka kumbukumbu ya saa ilizotumika. Baada ya kile kipimo cha aibu nilifungua kumbukumbu hiyo kwa mara ya kwanza kwa makini. Saa mbili kwa siku, siku nyingine hata moja haifiki. Sikumgombeza. Nilimuuliza tu kwa nini.

"Nikikivaa nasikia vilevile, nikikivua nasikia vilevile," akasema. "Sasa mwanangu, cha nini?"

Alikuwa amesema kweli tupu. Nilikuwa nimekishusha kifaa mpaka sikio zima likakimeza. Kwa kiziwi wa masikio yote, ramani iliyo chini kidogo bado ni sauti. Kwa mtu kama Mzee, ramani iliyo chini kidogo ni kipande cha plastiki juu ya sikio.

Kulinganisha ukubwa wa sauti kati ya pande mbili nako kuna mtego. Sikio zima linapokea kuanzia mnong'ono hadi kelele za mashine ya kuranda mbao, upana wa desibeli 100 hivi. Neva inayochochewa kwa umeme haina nafasi hiyo: kati ya sakafu na dari mara nyingi kuna desibeli 10 hadi 20 za umeme. Prosesa inabidi ikunje dunia nzima iingie katika kisanduku hicho. Ndiyo maana ukisawazisha pande mbili kwenye sauti ya mazungumzo, mlango ukibamizwa hazilingani tena, na mnong'ono nao haulingani. Mimi sasa nasawazisha kwenye mazungumzo, elektrodi baada ya elektrodi, huku sauti nyingine ikilia sikio zima kupitia hedifoni, halafu namwambia mgonjwa mapema kwamba kwingine kutapishana na hilo halina maana kifaa kimeharibika.

Tukafanya mapatano mapya na Mzee. Ramani moja, na kwa wiki sita sitagusa mgawanyo wa sauti, hata akiniomba. Nitapandisha ukubwa tu, kidogokidogo. Yeye atavaa tangu anapotoka kuoga hadi anapolala, saa 10 kwa siku zisipungue. Na kila jioni, nusu saa, sikio la kulia litasoma peke yake: simu inarusha sauti moja kwa moja kwenye prosesa, sikio la kushoto halipati kitu.

"Nisikize nini?" akauliza.

Karatasi zetu za mazoezi ni za Kiingereza. Nikamuuliza ni kitu gani anakijua kwa moyo. Akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Juzuu Amma, akasema, tangu chuoni. Basi akaanza na sura fupi, zile ambazo aya inayofuata anaijua kabla haijasomwa. Ubongo ukijua kinachokuja, unakuwa na kitu cha kushika wakati sikio linapapasa. Baada ya wiki mbili akahamia taarifa ya habari ya Kiswahili. Sikuwahi kufundishwa zoezi hilo darasani, na sasa ndilo la kwanza ninalowapa wagonjwa: leta unachokijua kwa moyo, katika lugha uliyolelewa nayo.

Lugha ilinifumbua jicho jingine. Maneno ya vipimo vyetu ni ya Kiingereza, mafupi, silabi moja moja. Mzee alipokosea sikuweza kujua ni sikio au ni Kiingereza. Nikamtungia orodha ya pembeni kwa Kiswahili, ambayo kwenye faili rasmi sikuiandika kama alama kwa sababu haijapimwa na yeyote, lakini mimi ilinisaidia. Maneno yetu yanaishia kwa irabu, na irabu ni nene na zina nguvu, hivyo karibu zote alizipata. Konsonanti ndizo zilizosema ukweli. "Panda" na "banda" alizitenganisha upesi. "Fua" na "vua" kwa taabu. "Suka" na "shuka" zilikuwa neno moja.

Dereva wa abiria asiyesikia "shuka"! Nikarudi kwenye kompyuta. S na sh zinakaa kwenye sauti nyembamba, kwenye elektrodi za mlangoni, jirani kwa jirani. Ni zilezile nilizozishusha siku alipolalamika filimbi. Malalamiko yake nilikuwa nimeyatibu kwa kumnyima herufi. Nikazipandisha hatua moja kila wiki, akalalamika, nikamweleza sababu, akavumilia. Wiki ya tatu nikasema "suka" nikiwa nimeziba mdomo kwa karatasi, sauti ikienda kwenye prosesa peke yake, akanijibu, "Hiyo ni ya nywele."

Kuna jambo moja ambalo uvumilivu hauliponyi, nalo ni wakati. Ili ujue sauti imetoka wapi, ubongo hupima tofauti ya muda kati ya sikio na sikio, na tofauti kubwa kabisa haifiki hata milisekunde moja. Prosesa inachukua muda wake kuchambua sauti, na sikio zima lina safari yake ya asili, na safari hizi mbili si lazima zifike pamoja. Kifaa kikitangulia, kwa baadhi ya mashine naweza kukichelewesha. Kikichelewa, siwezi kuliambia sikio zima lisubiri. Kwa Mzee tofauti haikuwa kubwa, na baada ya miezi kadhaa alianza kugeuza kichwa upande sahihi honi ikipigwa, akitumia zaidi tofauti ya ukubwa wa sauti kuliko ya muda. Nimekuwa na wengine ambao hawakufika hapo. Huwa nawaambia kabla ya upasuaji, na wapo walioghairi kwa sababu hiyo. Naona walikuwa na haki.

Nyenje, kwa upande wao, walinyamaza mapema kuliko nilivyotarajia. Ndani ya mwezi wa kwanza wa kuvaa kutwa nzima, Mzee alisema wanaondoka anapovaa na kurudi anapovua. Usiku bado wapo. Mkewe aliniambia kwamba siku hizi baada ya isha anakivua akiwa ameshapanda kitandani, dakika ya mwisho kabisa.

Mgonjwa aliyenifundisha kulitazama sikio zima kwa namna nyingine hakuwa Mzee. Alikuwa msichana wa miaka 6, sikio la kushoto limekufa kwa matubwitubwi. Picha za MRI zilionyesha neva yake ipo na ni nzima, jambo ambalo kwa watoto hatulichukulii kwamba lipo tu, kwani wengi wanaozaliwa viziwi upande mmoja neva hiyo ni nyembamba mno au haipo. Mtoto wa miaka 6 hawezi kukuambia "hapa panatosha." Kila nilichomuuliza alijibu ndiyo, kwa adabu.

Sasa, sauti kubwa ikiingia sikio lolote, msuli mdogo ndani ya masikio yote mawili hujikaza. Kwa hiyo nilitia kipimo katika sikio lake zima, la kulia, nikapeleka umeme kwenye elektrodi za kushoto, moja baada ya nyingine, nikatazama kwenye skrini msuli wa kulia unajikaza wapi. Kiwango hicho huwa karibu sana na dari. Yeye alikuwa akitazama katuni zisizo na sauti, hajui hata kama anapimwa. Sikio lile lile nililokuwa nikilipiga vita kwa vizibo na vifunika likawa shahidi wangu mkweli kuliko wote. Tangu siku hiyo nafanya kipimo hicho hata kwa watu wazima ambao sikio lao la kati ni zima, ninapoona mdomo unasema jambo moja na kumbukumbu ya saa inasema lingine.

Ninapokwenda nyumbani likizo huulizwa lini haya yatafika kwetu. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kupandikiza vifaa hivi mwaka 2017, na waliotangulizwa ni watoto wadogo wasiosikia kabisa. Nakubaliana na hilo kwa moyo wote. Kifaa kimoja kikiwa mezani, na mbele yangu yuko mtoto wa miaka miwili asiye na sikio hata moja na mtu mzima mwenye moja, sihitaji kufikiri. Lakini wenye sikio moja wapo, wamejaa madarasani wamekaa upande usiofaa, na kumhamishia mtoto kiti hakugharimu kitu.

Mwezi wa sita tangu awashiwe kifaa, Mzee alipata maneno 23 kati ya 50 kwa sikio la kulia peke yake. Safari hii nilihakikisha mara mbili. Kumbukumbu ilisoma saa 13 kwa siku. Nilimuuliza sauti ya mkewe sasa ikoje, akasema ni yake, ila ana mafua kidogo.

Kabla ya kuondoka aliniomba kitu nilichodhani hakiwezekani: programu maalumu ya taarabu. Nilimweleza ukweli, kwamba muziki ndio mahali kifaa hiki ni dhaifu zaidi, elektrodi chache haziwezi kubeba nyuzi za kanuni, ile ala ya taarabu, na upande wa kulia peke yake utamsikitisha. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akanyosha mkono kuchukua kofia yake ya sufi.

"Kulia peke yake nishajaribu, ni vurugu," akasema. "Lakini nikifungulia yote mawili, mwanangu, kanuni yakaa huku kushoto palepale pake pa zamani, na ngoma zapiga huku kulia. Ilikuwa miaka miwili ngoma haikai popote."

Nikamtengenezea programu hiyo. Nilipunguza kidogo elektrodi za mlangoni, nikaziacha zile za ndani zenye ngoma, nikaiweka nafasi ya pili kwenye prosesa ili aibonyeze mwenyewe akiwa nyumbani.